Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bei, jina na soko la sanaa Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeyaokota vibarazani, chini ya mikorosho na ndani ya magari ya Masasi hadi Mtwara mjini. Wanaouliza ni wachongaji, wasusi wa mikeka, viongozi wa vikundi vya ngoma, wanunuzi na wazazi. Mimi ni mzaliwa wa Newala, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwatunzia mafundi daftari la mauzo. Sikuyapanga kwa mfuatano maalumu. Yanayotuumiza zaidi nimeyajibu kwa kirefu.

Kinyago kinaondoka Newala kwa bei ya kuku, Dar es Salaam kinauzwa kwa bei ya mbuzi, Ulaya kwa bei ya ng'ombe. Nani anakula hapo katikati?

Wanakula wengi, na wengi wao wanakula kihalali. Anayenunua kijijini hulipa nauli, hulipia kibali cha mzigo, hupoteza vinavyopasuka njiani, hulipa kodi ya kibanda pale Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam, kisha hukaa miezi na mzigo bila mteja. Anayesafirisha nje huongeza sanduku la mbao, ndege au meli, ushuru, ukumbi wenye taa nzuri, na mtu anayejua kuieleza kazi kwa mgeni. Ukivijumlisha vyote, sehemu kubwa ya lile pengo inajieleza yenyewe.

Ipo sehemu inayobaki, na hiyo ndiyo inayotuuma. Hiyo inatokana na vitu viwili ambavyo mnunuzi anavyo na mchongaji hana: habari na uwezo wa kusubiri. Mnunuzi anajua mwezi huu Mwenge wanaulizia nini. Mchongaji anajua bei moja tu, ile aliyopewa mara ya mwisho. Mnunuzi anaweza kukiweka kinyago ndani miaka miwili, wakati mchongaji ana mtoto anayeanza kidato cha kwanza Januari na debe la mahindi limekauka. Katika kupatana bei, mwenye nguvu ni yule anayeweza kukiacha kitu akaondoka zake.

Watu hudhani barabara ingemaliza tatizo hili. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa Rufiji mwaka 2003, kusini tulikuwa kama kisiwa kila masika, na mfanyabiashara aliyefika huku alijilipa kwa ule usumbufu. Barabara imekuja, simu imekuja, lakini vinyago havikufuata mwendo wa korosho. Sababu yake ni kwamba korosho hufanana. Ina daraja, ina mnada, na bei yake inatangazwa redioni. Hata mkulima wa Kitangari akilala nyumbani anaisikia. Kinyago kipo kimoja tu duniani. Hakuna mnada wa kukilinganisha, kwa hiyo kila siku ya kuuza ni siku ya kuanza upya, na anayeanza upya kila siku huumia.

Nipangeje bei ya kazi yangu?

Anza na sakafu, yaani bei ambayo chini yake unajiibia mwenyewe. Tuchukue mfano wa ujamaa wa wastani, ile nguzo ya watu waliobebana, kazi ya siku 9. Gogo shilingi 15,000. Msasa na kiwi 5,000. Tezo na patasi zinazolika, weka 3,000. Halafu siku zako. Jiulize ungelipwa kiasi gani kwa siku kama ungekwenda kibarua cha kupalilia au cha ujenzi. Tuseme 10,000, basi siku 9 ni 90,000. Jumla yake 113,000.

Wengi huishia hapo, tena hao ni wale waangalifu. Wanasahau zilizopasuka. Mpingo una hasira: unaweza kuufikisha siku ya nane, ukasikia "ta!", ufa ukakimbia kutoka kichwa cha bibi hadi mguu wa mtoto. Kama katika kazi tano moja hufa hivyo, zile nne zilizopona lazima ziibebe ya tano. Kazi tano zimekugharimu 565,000. Gawanya kwa nne, unapata 141,250. Hiyo ndiyo sakafu. Namba ni za mfano, weka za kwako, lakini hesabu ifanye. Nimekaa na mafundi waliouza kwa 80,000 na kuondoka wanacheka, kwa sababu walihesabu gogo na msasa tu. Mikono yao wenyewe waliiweka bure.

Juu ya sakafu hakuna hesabu tena, kuna jina, upekee na mnunuzi uliyenaye. Vile vya kurudiarudia, kama vifaru, twiga na vijiti vya saladi, bandika bei moja, mgeni na mwenyeji walipe sawa. Kubishania twiga kunakula muda ambao ungechonga. Ile kazi iliyokutoka usingizini usiikimbilie bei. Muulize kwanza mteja ameona nini ndani yake. Jibu lake litakuambia mengi.

Kwa nini unasisitiza sana mchongaji aandike jina? Kinyago ni kinyago.

Mjomba wangu alichonga karibu maisha yake yote. Nilipokuwa kijana alikuja mnunuzi kutoka Dar, mtu mwenye maneno mazuri, akakaa naye kwenye benchi moja na wakanywa chai ya birika moja. Alinunua kazi nne. Mojawapo ilikuwa mama anayefuma, na kichwani pake, badala ya nywele, kulikuwa na mikono midogo midogo iliyoshikana. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwaza kichwa cha namna ile. Miaka mingi baadaye nilikiona kinyago kile kile kwenye kitabu cha picha cha maonyesho ya nje. Mikono nikaitambua, hata alama ya tezo iliyoteleza begani nikaitambua. Chini yake waliandika: mchongaji hajulikani.

Alijulikana. Alikunywa chai na aliyekinunua. Mjomba alikuwa bado hai siku ile, na sikuwa na ujasiri wa kumwonyesha kitabu.

Tukiacha uchungu, tuangalie biashara. Kinyago kisicho na jina kinamaliza kazi yake siku kinapouzwa. Chenye jina kinaendelea kukufanyia kazi: aliyekipenda anaweza kukutafuta, na mtu wa pili akikiona sebuleni kwake anaweza kukutafuta pia. Kila kazi nzuri inaipandisha bei ile inayofuata. Jina ni kama ghala, linatunza sifa zako. Usipokuwa na jina, sifa zinakwenda kwenye "Wamakonde" kwa ujumla, na Wamakonde kwa ujumla hawana akaunti benki.

Mfano tunao wa hapa hapa. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi. Alikwenda Dar es Salaam miaka ya 1970, akaanza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, kabla hawajagundua kwamba mlinzi huyo ni msanii. Alichonga, akachora, na kazi zake zikaonyeshwa Ulaya na Marekani. Mkusanyaji wa sanaa Jean Pigozzi ni mmoja wa waliozinunua. Alifariki mwaka 2005, na hadi leo mtu anayenunua kazi yake ananunua pia neno "Lilanga". Mashetani wake, yaani zile sura za mizimu alizozichonga na kuzichora, wanatoka kwenye chimbuko lile lile la wazee wetu wengi ambao vinyago vyao vimekaa kwenye makabati ya watu bila jina.

Kwa hiyo fanya hivi: chini ya kinyago, kwa patasi ndogo, chonga jina, kijiji na mwaka. Kabla hakijatoka piga picha tatu kwa simu: mbele, nyuma na ile sehemu yenye jina. Andika daftarini nani kanunua na kwa bei gani. Wapo wanunuzi watakaokuomba usichonge jina, au watakaolifuta kwa msasa, kwa kuhofia mteja atawaruka aje kwako moja kwa moja. Hofu yao naielewa. Waambie mteja atakayekuja kupitia kwao watapata sehemu yao. Akikataa hata hivyo, basi anayotaka kununua ni zaidi ya kinyago, na hiyo ziada aitaje bei.

Nitajuaje kama hiki ni mpingo halisi au ni mti mwingine uliopakwa kiwi?

Kwanza kipime mkononi. Mpingo ni mzito kuliko unavyoonekana. Kipande chake kikavu kikitupwa majini huzama. Kigeuze, ukwangue kidogo kwa wembe mahali pasipoonekana. Mpingo utakupa unga mweusi wenye uzambarau au ukahawia, na ndani rangi ni ile ile. Uliopakwa kiwi utakuonyesha weupe au wekundu chini ya ngozi. Nusa: kiwi kina harufu ya kibanda cha fundi viatu. Pakiwa na mstari wa manjano hafifu pembeni usiogope, hiyo ni sehemu ya nje ya mti, na mafundi wengi huiacha makusudi.

Swali hili lina uchumi mzito ndani yake. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza soko la magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, hulipa bei ya katikati, mwenye gari zima anaona anaonewa anajitoa, na soko linabaki na mabovu. Kwa hoja hiyo alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 2001. Kiwi kinatufanyia vivyo hivyo. Mgeni aliyeumwa mara moja na kinyago cha kupaka humlipa mchongaji wa kweli bei ya mashaka. Anayepaka kiwi anamwibia mteja mmoja, na anamwibia jirani yake kila siku. Kama mti wako si mpingo, sema. Kinyago cha mti mwepesi kilichochongwa vizuri kina bei yake halali.

Lakini mpingo si ndio mti wa asili ya vinyago vyetu?

Wengi hushangaa nikijibu hapana. Vinyago vya nyumbani, kama vile lipiko linalovaliwa kichwani, vilichongwa na bado vinachongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mtu anacheza navyo. Nani atacheza na kilo kumi kichwani? Mpingo uliletwa mbele na soko. Wageni waliupenda weusi wake na uzito wake, wachongaji waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja na ujuzi wao, na kuanzia miaka ya 1950 Dar es Salaam ikawa mahali pa kuuzia. Huko ndiko inakosimuliwa kwamba Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani, na mfanyabiashara Mohamed Peera akakubali kuununua na kuutafutia wateja wakati bado hakuna aliyejua kama utauzika. Nawasema sana madalali, lakini haki yao niwape: bila mtu wa kubeba hatari ile, huenda shetani wa kwanza angeishia jikoni kama kuni.

Mpingo utaisha? Na gogo halali nalipata wapi?

Mti unaochukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa hauwezi kushindana na msumeno wa mnyororo. Na hatuugombei peke yetu. Klarineti na zumari za Ulaya hutengenezwa kwa mpingo, kwa mfano zile za Buffet Crampon ya Ufaransa, na ala moja ya kiwango cha juu huuzwa kwa maelfu ya yuro. Sehemu kubwa ya gogo hutupwa, kwa sababu ala inataka mti usio na ufa wala kifundo.

Kilwa wametuonyesha njia. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa msaada wa MCDI, shirika la kuhifadhi mpingo, vilipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa utaratibu, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji, vikiwa vya kwanza Afrika. Kijiji chenye hifadhi yake ya msitu kinapanga kiasi cha kuvuna, kinauza gogo lenye alama ya nyundo na karatasi zake, na fedha zinaingia kijijini: darasa, nyumba ya mkunga, kisima. Gogo la wizi linaonekana rahisi kwa sababu gharama yake amelipishwa kijiji.

Nawashauri mafundi wanunue kwa kikundi, waende kwenye kijiji chenye msitu wake, na waulizie mabaki. Vile vipande vyenye kifundo na ufa ambavyo mtengeneza klarineti havitaki, kwa mchongaji ni neema: ufa unakuwa mdomo, kifundo kinakuwa jicho. Usisahau hati ya kusafirishia kutoka TFS, wakala wa misitu wa serikali, kabla mzigo haujapanda gari.

Mteja wangu mgeni anaogopa kunyang'anywa kinyago uwanja wa ndege. Nimwambie nini?

Mwambie ukweli. Miti yote ya jamii ya mpingo iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017. Mwishoni mwa 2019 masharti yalilegezwa kwa ala za muziki zilizokamilika, na kwa bidhaa zilizokamilika ambazo uzito wa mti wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Kinyago kimoja cha begini kwa kawaida kiko ndani ya kiwango hicho. Mpe risiti yenye jina lako na aina ya mti. Risiti hiyo pia inaongeza bei, jaribu uone.

Wateja wetu ni watalii, na watalii huku hawaji kwa wingi. Tufanyeje?

Nakataa sehemu ya kwanza ya swali. Mteja mkubwa wa sanaa kusini ni mkulima wa korosho, ila tumemdharau.

Tazama mwaka wetu unavyokwenda. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inaanza, fedha zinaingia kupitia vyama vya msingi, na kufikia Desemba Tandahimba na Newala zinanuka mabati mapya na rangi ya milango. Shule zimefungwa. Watoto wanatoka jandoni, wasichana wanachezwa unyago, harusi zinapangana. Mpiga ngoma mzuri hawezi kupatikana wikiendi. Fundi cherehani halali. Mwenye muziki wa kukodisha anajaza daftari la oda tangu Novemba. Lindi wana ufuta pia, na hela yake inaonekana Juni na Julai. Haya yote ni soko la sanaa na utamaduni, kubwa kuliko watalii wote wa Mikindani, na hakuna aliyelileta kutoka nje.

Mchongaji yuko wapi kwenye sherehe hii? Hayupo, kwa sababu anachonga vifaru. Mkulima aliyevuna tani mbili anajenga nyumba na ananunua kitanda cha kiwandani na mlango wa chuma. Mnaijua milango ya nakshi ya Kilwa na Mikindani? Mafundi wawili wa Newala niliokuwa nikiwatunzia hesabu walianza kuchonga vichwa vya vitanda na vigoda vya bibi harusi. Wanachukua malipo ya awali Oktoba na kukabidhi Desemba. Vinyago wanaendelea navyo, ila sasa wanavichonga masika bila kuviuza masika.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Sote tunaijua kangomba: mkulima mwenye njaa anauza korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kwa mtu anayeweza kusubiri mnada. Wachongaji nasi tuna kangomba yetu. Februari hadi Aprili, mvua inanyesha na chakula ni haba, mnunuzi anakuja na fedha za mkononi na anaondoka na kazi ya miezi mitatu. Dawa yake ni ile ile: akiba ya msimu. Kikundi cha watu kumi wakiweka kidogo kidogo kila wiki kati ya Oktoba na Januari, wanaweza kukopeshana masika na kinyago kikabaki ndani kikingoja mwenye bei. Nimeona kikundi kimoja kikifanya hivyo. Mwaka wa kwanza walibishana sana kuhusu funguo za sanduku, mwaka wa pili wakatulia.

Kikundi chetu cha sindimba, ngoma ya Wamakonde, kina watu 15. Tukialikwa tunaambiwa tupunguze watu ili tulipike. Tukubali?

Msikubali haraka. Mwaka 1966 wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza kitu ambacho kila mpiga ngoma anakijua. Kiwandani, mashine mpya humfanya mtu mmoja atoe kazi ya watu kumi. Jukwaani, kundi la watu wanne waliopiga kipande cha muziki kwa nusu saa miaka 200 iliyopita, leo nao wanahitaji watu wanne na nusu saa ile ile. Mishahara ya wengine ikipanda, gharama ya jukwaa nayo hupanda, ingawa hakuna aliyefanya uvivu.

Ngoma ni hivyo. Ngozi lazima ipashwe moto hadi iite. Mpigaji wa ngoma kubwa hawezi kushika na ndogo. Ukiondoa watatu huna ngoma ya bei nafuu, una ngoma mbovu. Badala ya kupunguza watu, punguzeni safari: mkiitwa Mtwara mjini kwa sherehe moja, tafuteni ya pili na ya tatu siku hizo hizo, nauli igawanyike. Fundisheni shuleni kwa malipo. Matamasha kama MaKuYa, lililobeba herufi za Makonde, Makua na Yao, yatumieni kupata wateja wa mwaka mzima, msitegemee posho ya siku ile tu.

Jambo moja zaidi, na hapa naomba tusikizane. Si kila tunachocheza ni cha kuuzwa. Lipiko lina thamani kijijini kwa sababu aliyefunikwa hajulikani, na mambo ya unyago yana thamani kwa sababu hayasemwi nje. Ukiyatoa kila Jumamosi kwa kiingilio, unapata kiingilio na unapoteza kilichowafanya watu waje.

Mama yangu anasuka mikeka. Anaambiwa wa plastiki dukani ni nafuu. Aache?

Asiache, ila asiugombanie ule uwanja. Mkae mtazame kazi yenyewe kwanza. Anakata kindu, anazianika, anazichana, anazichemsha kwenye rangi. Anakaa miguu imenyooka, ukili umebanwa kwenye kidole gumba cha mguu, mkono unaongeza chane huku mdomo unaongea na jirani. Ukili wa upana wa vidole vinne unarefuka pima baada ya pima, ndipo anaukunja na kuushona. Ni wiki na wiki. Plastiki hutoka kiwandani kwa dakika. Akishusha bei kuifuata plastiki, anajilipa chini ya kibarua chochote wilayani.

Wateja wake ni wale ambao plastiki haiwafai: harusi, msikiti, mzazi anayemfungia binti vyombo, hoteli za Kilwa Masoko na Mikindani. Asuke kwa oda, achukue nusu mbele. Na jina la mwenye oda analisuka ndani ya mkeka, hilo plastiki haiwezi.

Mtu ameniiga kazi yangu. Sheria inasemaje?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi yako tangu ulipoimaliza, hata kama hujaisajili, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kazi za Lilanga zina ulinzi hadi mwaka 2055. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia siku ya ushahidi, na zile picha tatu za simu nazo pia.

Elewa mpaka wake. Kinacholindwa ni kazi, mtindo haulindwi. Yeyote anaweza kuchonga shetani. Hawezi kunakili shetani wako huyo. Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki 1972. Miaka minne tu, na mtindo wake ukawa wa wote. Wanafunzi na ndugu waliufanya riziki, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Ushirika haukuzuia kuigwa, ila uliwapa mahali pamoja pa kuuzia na jina la kusimamia.

Sheria hiyo hiyo inalinda pia sanaa za jadi zisizo na mtunzi mmoja. Anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili hutakiwa kupata idhini ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Viongozi wa vikundi wachache sana wanalijua hilo, na wanaokuja kurekodi hawana haraka ya kuwaambia.

Kinyago kikiuzwa tena kwa bei kubwa, mchongaji anapata chochote?

Kwa kawaida hapana. Ufaransa ilianza mwaka 1920 kumpa msanii sehemu ya mauzo ya baadaye, na Umoja wa Ulaya umeweka utaratibu kama huo kwa nchi zake zote, kuanzia asilimia 4 na kwenda chini bei inavyopanda, bila kuzidi yuro 12,500. Lakini wao hulipa wasanii wa nchi ambazo nazo zinalipa wa kwao. Na bila jina chini ya kinyago, hata sheria nzuri haina wa kumlipa.

Kwa nini mwanamuziki mmoja anatajirika na wengine wenye sauti nzuri vile vile wanalala njaa?

Kwa sababu wimbo ukisharekodiwa, kumhudumia msikilizaji wa milioni hakugharimu zaidi ya wa kwanza. Watu wakiona mmoja anazidi hata kidogo, wote humwendea yeye. Mwanauchumi Sherwin Rosen alilieleza hilo mwaka 1981, kabla ya intaneti, na intaneti imelizidisha. Kijana wa Lindi asiweke matumaini yote mtandaoni. Sherehe za msimu zinalipa, na huko hashindani na dunia nzima.

Na yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa Lindi?

Mifupa ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, kwa mikono na mabega ya watu wetu walioibeba hadi bandari ya Lindi. Leo mifupa hiyo imesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, na wageni wanalipa kiingilio kuiona. Nataka Lindi ipate sehemu yake, iwe ni mifupa, nakala, makumbusho au mafunzo kwa vijana wetu. Lakini Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, urithi wa dunia tangu 1981, zipo hapa hapa, na mgeni anayefika huko anakosa mahali pa kununua kazi yenye jina la fundi wa Kilwa. Hilo halimsubiri Mjerumani.

Kuna mkopo wa kikundi cha sanaa?

Upo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nendeni na daftari la mauzo la mwaka mmoja. Maombi ya sanaa mengi hukwama kwa kukosa daftari tu.

Mwanangu anataka kujifunza uchongaji. Nimruhusu?

Mruhusu, ukijua gharama. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo hataleta kitu nyumbani. Atapiga msasa kazi za wengine, atanoa tezo, atabeba maji. Ajifunze na hesabu, na asiache shamba la korosho, kwa sababu shamba ndilo litakalompa uwezo wa kusubiri.

Kabla hujamkabidhi kwa fundi, uliza jambo moja: kijana akimaliza kazi yake ya kwanza ya kuuzika, itaandikwa jina la nani? Fundi akisema lake, shukuru kwa chai, umtafutie mtoto fundi mwingine.